Malalamiko Saba ya Kavinya

Mara ya saba Kavinya alipopiga ile nambari iliyoandikwa nyuma ya mfuko wa chai, aliyepokea hakumwacha hata amalize salamu.

"Mama wa Voi," ilisema sauti ya mwanamume, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Chai bado inanuka?"

"Inanuka kuliko jana!"

"Basi njoo."

"Nije wapi?"

"Njoo huku kiwandani. Kesho kutwa gari letu litaleta mzigo Voi. Ukitaka, panda nalo likirudi. Beba hiyo chai yako inayonuka, uone tunavyofanya kazi, halafu niionje mbele yako. Kama makosa ni yetu, tutakuomba msamaha mbele ya wafanyakazi wote."

Kavinya alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa hata amekunywa maji kidogo ya kulainisha koo. Sasa mtu anakualika kwake kwa heshima, utamtukana vipi?

"Nitakuja," akasema kwa ukali uleule, maana hakuwa na sauti nyingine karibu. "Na nitakuja na mzee wangu!"

Hoteli ya Kavinya ilikuwa karibu na soko la Voi, meza sita na ukuta uliopakwa rangi ya samawati hadi usawa wa kiuno, kisha rangi ikaisha. Kwa miaka ishirini na miwili watu hawakuja pale kwa ajili ya mandazi, ambayo hata yeye mwenyewe alikiri kwamba siku nyingine yangeweza kuvunja dirisha. Walikuja kwa ajili ya chai. Madereva wa malori ya Taveta walikuwa wakiacha magari mahali pasiporuhusiwa, injini zikinguruma, ili wapate kikombe kimoja. Majani aliyanunua kwa mfuko mkubwa wa karatasi kutoka Ngangenyi, kiwanda kidogo cha wakulima huko milimani, juu ya Wundanyi, na hakuwahi kununua mengine.

Halafu mwezi mmoja uliopita, karani mmoja alionja, akaweka kikombe chini, akakitazama.

"Mama Mbinya," akauliza kwa adabu, "hii ni chai ya kunywa ama ya kujipaka?"

Watu walicheka. Kavinya hakucheka. Alionja mwenyewe, na kweli, nyuma ya maziwa na tangawizi kulikuwa na kitu kingine, kitu chenye harufu ya wodi ya hospitali. Siku hiyo alisugua sufuria zote kwa majivu mpaka zikang'aa. Alitupa kichujio. Aliacha kuni akapikia makaa. Harufu ikabaki palepale. Ndipo alipomgeukia Mumbe, mwanamke aliyemletea maziwa kila alfajiri kwa miaka tisa, akamwambia mbele ya wateja kwamba ng'ombe wake bila shaka anakula taka za zahanati. Mumbe alibeba mitungi yake, akaondoka, na tangu siku hiyo akimwona Kavinya sokoni alikuwa akitazama nyanya kana kwamba zimeandikwa kitu. Kavinya akaanza kutumia maziwa ya paketi. Harufu haikwenda popote.

Kwa hivyo ni majani. Hakukuwa na kingine kilichobaki.

Jambo moja tu lilimshangaza. Wako wateja ambao hawakulalamika hata kidogo. Mutunga, fundi wa baiskeli, mume wa yule yule Mumbe, pamoja na wazee wenzake wa meza ya kona, walisema chai haijawahi kuwa tamu hivi. Waliongeza vikombe. Walimsifu kwa sauti kubwa, mmoja baada ya mwingine, huku wakitazama dari.

Mumewe, Muinde, hakufurahia habari ya safari. Muinde alikuwa amestaafu kutoka karakana ya reli, na siku hizi alikuwa na kazi mbili tu duniani. Ya kwanza ilikuwa kuchota majani ya chai kila asubuhi kutoka stoo ya nyuma na kujaza kopo la jikoni. Ya pili ilikuwa kamati ya maji ya mtaa, iliyokutana kila Jumatano na Jumamosi jioni. Kamati hiyo ilikuwa imekutana kwa miezi saba, na mfereji wa mtaa ulikuwa bado unatoa upepo.

"Ngangenyi ni mbali," alisema. "Tena kuna baridi. Wacha hiyo maneno, Mama Mbinya. Pengine ni pua zao."

"Pua za Voi nzima?"

Muinde alikuna ndevu. Zilikuwa ndevu nyingi, nyeupe, za kuheshimika, na alizichana kwa kitana kidogo alichobeba mfukoni.

"Basi twende wote," akasema mwishowe. "Hao watu watakuzungusha na maneno ya mashine. Mashine nazijua mimi."

Siku ya safari Kavinya alivaa kitenge chake cha harusi za watu, kile cha rangi ya machungwa, na akajipulizia manukato ambayo binti yao Mbinya, nesi kule Mombasa, alikuwa amemletea Krismasi. Alijipulizia shingoni, mikononi, na mara mbili hewani, akapita katikati. Chai yenye malalamiko ilikuwa ndani ya mkebe wa plastiki, ameifunga kwa lesso na kuipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Dereva aliitwa Sylus. Alipofungua mlango wa gari alirudi nyuma hatua moja, kisha akashusha kioo cha upande wake, na hakukipandisha tena mpaka mwisho wa safari, ingawa kupita Mwatate barabara ilianza kupanda na kujikunja na baridi ikaingia ndani.

"Huyu aliyenialika," Kavinya alimuuliza, "ni meneja?"

"Gibson? Hapana, mama. Gibson ni mwonjaji. Huyo ndiye ulimi wa kiwanda. Mwaka wa kumi na tano huu hajala pilipili. Vitunguu hali. Sukari hatumii. Akipata mafua, sisi wote tunamwombea."

"Na simu anashika yeye?"

"Simu ya malalamiko iko kwa meza yake. Zamani ilikuwa haiiti," alisema Sylus, akageuza usukani kwa uangalifu.

Kavinya alikumbuka kwamba katika ile simu ya nne alikuwa amesema mtu anayepitisha chai kama hii anafaa kufungwa gunia kichwani. Muinde naye alikuwa akitazama migomba iliyoshikilia mitelemko.

Kiwanda kilikuwa jengo refu la mabati lililokaa ukingoni mwa mlima, na ukungu ukitambaa juu ya paa lake. Kabla gari halijasimama Kavinya alishaipata harufu: majani mabichi, moto wa kuni, na chini yake kitu kitamu kilichomfanya adondokwe na mate. Mlangoni aliwapokea Mable, supavaiza, mwanamke mnene mwenye gambuti nyeupe na sauti iliyozoea kushindana na mashine.

"Karibuni sana. Tunawa mikono hapa. Hereni tunaziacha, saa tunaiacha." Kisha pua yake ikakunjana. "Na wewe, mama, samahani, itabidi unawe shingo."

"Ninawe nini?"

"Shingo, mama. Na mikono hadi hapa. Umejipaka manukato."

"Ya Mombasa," alisema Kavinya, ili jambo lieleweke.

"Yananukia vizuri, haki. Lakini chai ni kama mtoto mdogo, kila inachosikia inashika. Ukipita na marashi hapa, wiki ijayo mtu huko Mahoo atakunywa chai yenye marashi yako. Ukiiweka chai karibu na samaki, ni samaki. Karibu na sabuni, ni sabuni."

Muinde, aliyekuwa anavua saa, aliiangusha.

Kavinya alinawa shingo kwa maji ya milimani yaliyokuwa baridi kama kisu, akilalamika kwa Kikamba ili asimuudhi mtu. Alipogeuka alikuta jambo lililomsahaulisha baridi yote. Wote walikuwa wamepewa makoti meupe na kofia za neti, lakini Muinde alikuwa amepewa neti mbili. Ya pili ilikuwa ya ndevu. Ilimshika kutoka sikio hadi sikio, na ndani yake ndevu zake za heshima zilikuwa zimejikusanya kama kuku aliyefungwa kwenye kikapu cha kwenda sokoni.

"Usiseme kitu," alisema Muinde.

"Sijasema."

"Umefikiria."

Waliingia. Mable aliwapandisha ghorofani, mahali majani mabichi yalikuwa yametandikwa kwenye vitanda virefu vya waya, feni zikivuma chini yake. Kavinya alichukua jani moja. Lilikuwa kijani, laini, limelegea kama mchicha wa jana.

"Hii ni mboga," alisema.

"Ndiyo hiyo chai yako, mama. Inalala hapa mpaka inyauke. Tukiikimbiza, inaharibika."

"Huu ni upepo wa msukumo," Muinde alieleza kwa sauti ya mwalimu, mikono nyuma. "Injini inavuta mvuke kutoka kule, inasukuma huku."

"Ni feni tu, mzee," alisema Mable. "Ya stima."

Ngazi ya kushuka ilikuwa ya chuma. Kavinya alishuka akageuka, na akamwona mumewe anashuka kwa ubavu kama kaa, mkono mmoja kwenye reli, akikunja uso kila hatua.

"Una nini?"

"Natazama nati za ngazi," alijibu Muinde.

Chini, mashine zilikuwa zinayakata yale majani na kuyasaga kwa kelele iliyowalazimu watu waongee kwa mikono. Yalitoka upande wa pili yakiwa punje ndogo za kijani kibichi, yakasafiri taratibu kwenye mkanda mpana huku yakipulizwa hewa. Hapo Mable akamgusa Kavinya bega, akamwonyesha atembee sambamba na ule mkanda. Kavinya akatembea. Mwanzoni punje zilikuwa kijani. Hatua kumi mbele zilikuwa zimeanza kuingia rangi ya shaba. Hatua kumi nyingine, zikawa kahawia, na ile harufu ikapanda, tamu, nzito, harufu ya asubuhi zake zote tangu afungue ile hoteli. Hakuna aliyezigusa. Zilikuwa zinageuka zenyewe, mbele ya macho yake.

Alisimama. Alikuwa amechemsha kitu hiki kila siku, Jumapili pia, mpaka mikono yake ikaanza kuwa na rangi yake, na hakuwahi kujiuliza kilikuwa nini kabla ya kuwa cheusi. Alirudi mwanzo wa mkanda akatembea tena. Mable alimwacha. Mara ya tatu ndipo alipomgusa tena bega, kwa upole, akamwambia kwa sauti kubwa sikioni kwamba Gibson anasubiri.

Chumba cha kuonjea kilikuwa kimya, cheupe, na dirisha kubwa lililotazama bonde. Gibson alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye skafu shingoni, na alimpa Kavinya mkono kama vile hajawahi kuambiwa habari ya gunia.

"Mama wa Voi. Leo nimeona uso."

"Baba," alisema Kavinya, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "kuhusu lile gunia—"

"Nilikuwa nimekula vibaya siku hiyo, hata sikusikia. Tuanze kazi."

Alipanga mabakuli matatu meupe mezani. Katika la kwanza aliweka chai iliyotengenezwa asubuhi ile. Kwa la pili aliomba nambari iliyokuwa kwenye mfuko wa Kavinya, ambayo Kavinya alikuwa ameikata na kuja nayo kama ushahidi. Akafungua kabati, akatoa kopo lenye nambari hiyo hiyo.

"Kila chai inayotoka hapa tunaweka kidogo," alieleza. "Hii ni ndugu ya yako. Siku moja, shamba moja, mashine moja."

La tatu lilikuwa la mkebe wa plastiki. Alimwaga maji ya moto katika yote, akageuza kisaa cha mchanga, akasubiri. Muinde alisimama karibu na mlango. Kisha Gibson akachukua kijiko kikubwa, akachota chai kutoka bakuli la kwanza, akafyonza kwa kishindo kama mfereji wa Voi siku maji yanaporudi baada ya wiki tatu. Alizungusha mdomoni, akatazama juu, akainama na kuitema yote kwenye ndoo.

"Anatema!" Kavinya alimgeukia Mable. "Mimi nimelea watoto wanne, na hakuna aliyewahi kutema chai!"

"Ni kazi, mama. Akimeza zote hatalala mpaka Pasaka."

Bakuli la pili: kishindo, kimya, ndoo. "Safi," alisema Gibson. "Hizi mbili hazina neno." Akamkaribisha Kavinya aonje. Kavinya alionja, bila kufyonza, na alikuta ladha ya chai yake ya zamani, ile ya kabla ya maneno yote haya. Moyo ukamwenda chini kidogo. Maana kama hii ya pili ni safi, na ni ndugu ya yake, basi harufu ilitoka kwake mwenyewe.

Gibson alichota bakuli la tatu. Kabla hajafyonza, alisimamisha kijiko mbele ya pua. Akakirudisha. Akainama akanusa bakuli lenyewe, macho yamefungwa, muda mrefu.

"Chai hii," alisema, "imekaa stoo. Stoo ina vitunguu saumu, vimetundikwa juu, upande wa kulia. Hivyo havijaleta shida sana. Kuna sabuni ya mche, ipo mbali kidogo."

"Mungu wangu," alisema Kavinya. Vitunguu saumu vilikuwa vimetundikwa juu, upande wa kulia.

Gibson alifyonza. Uso wake ukabadilika. Alitema, akasukutua kwa maji, akatema tena, akaenda dirishani akapumua.

"Karafuu," alisema akiwa amewapa mgongo. "Mafuta ya mkaratusi. Tapentaini. Hii ni dawa ya kuchua, mama. Ile ya chupa ya kahawia, ya misuli na viungo. Na imevuja. Imevuja karibu kabisa na mfuko, pengine nyuma yake. Kwenu nani anaumwa?"

"Hakuna," alisema Kavinya. "Mimi niko sawa. Na mzee wangu yuko sawa, tangu ile operesheni ya goti hajaumwa hata—"

Polepole wote watatu wakageuka kuelekea mlangoni. Muinde alikuwa anasoma tangazo la ukutani kuhusu kunawa mikono, kwa umakini wa mtu anayesoma wosia.

"Mzee," alisema Gibson kwa heshima kubwa, "naomba ruhusa yako."

Kabla Muinde hajajua anaombwa ruhusa ya nini, yule mwonjaji mrefu alijikunja mpaka chini, akapeleka pua usawa wa suruali ya Muinde, akanusa mara moja, akahamia upande wa pili, akanusa tena, akanyooka.

"Goti la kushoto," alisema. "Jana jioni."

Mable alitoka nje. Walimsikia nyuma ya ukuta, akijaribu kucheka kimya na kushindwa.

"Baba Mbinya," alisema Kavinya.

Ndani ya neti, ndevu zilitikisika. "Mama Mbinya, si unajua kamati ya maji..."

"Kamati ya maji inaumiza magoti?"

"Hakuna kamati ya maji," alisema Muinde, na mabega yake yakashuka. "Ilivunjika baada ya mkutano wa kwanza, watu walipigana kuhusu uenyekiti. Lakini tulikuwa tumeshazoea kukutana. Na Mutunga alikuwa na mpira."

"Mpira gani?"

"Mpira wa miguu. Sisi ni timu. Wazee wa zaidi ya hamsini na tano." Alimtazama, kisha akatazama sakafu. "Mimi ni kipa."

Kavinya alikuwa amekaa benchi la hospitali siku nne wakati goti lile linapasuliwa. Alikuwa amesikia kwa masikio yake daktari akisema mpira basi, na Muinde akiitikia, na siku ile ile Muinde alikuwa ameshika mkono wake na kuapa. Alitaka kumwambia hayo yote. Lakini mbele yake alimwona mwanamume wa miaka sitini na tatu amevaa koti jeupe, kichwa ndani ya neti, ndevu ndani ya neti, anasubiri hukumu kama mtoto aliyevunja chungu, na maneno hayakutoka yakiwa na nguvu aliyoikusudia.

"Ukaficha chupa kwenye chai yangu," alisema.

"Nyuma ya chai. Ni mahali ambapo hugusi. Sikujua kama imepasuka mpaka leo huyu mama aliposema habari ya samaki. Pua yangu imeshaizoea ile dawa, mimi mwenyewe nilidhani ni kiwanda. Nilikuwa nimeanza kuwachukia."

Kavinya aligeuka kwa Gibson. "Baba, nilisema kama makosa ni yenu mtaomba msamaha mbele ya wafanyakazi wote."

"Mimi ndiye niliyesema, mama."

"Basi mimi naomba. Niitie hao wafanyakazi."

Gibson alikataa, Kavinya akang'ang'ana, na mwishowe wakakubaliana aombe mbele ya wale waliokuwa kantini, saa ya mapumziko. Alisimama mbele ya watu thelathini wenye gambuti na kueleza kila kitu, kuanzia karani mpaka goti, na kwa kuwa hakujua kusimulia jambo kwa ufupi, walipiga meza kwa vicheko mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Muinde alikaa pembeni akitafuna chapati kupitia neti aliyokuwa amesahau kuivua.

Kurudi, gari lilikuwa na mfuko mpya wa chai, zawadi ya kiwanda. Waliteremka kona zote kimya. Wakapita Mwatate kimya. Karibu na Mraru, mabega ya Kavinya yakaanza kutikisika. Muinde, akidhani analia, alimgusa mkono kwa woga.

"Ati 'jana jioni'," alisema Kavinya, na kicheko kikampasuka, akalia machozi, akafunika uso kwa lesso. Sylus alicheka mpaka akapunguza mwendo. Muinde hakujua kama anaruhusiwa, akacheka kidogo kidogo, kwa majaribio.

"Usicheke wewe," alisema Kavinya. Akaacha.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Mumbe kabla ya jua kuwa kali. Mumbe alikuwa anakamua. Hakugeuka.

"Nimekuja kumwomba ng'ombe msamaha," alisema Kavinya.

"Muombe," alisema Mumbe.

Kavinya alimwomba ng'ombe, kwa jina lake, kwa Kikamba kizuri. Ndipo Mumbe akasogeza kigoda. Kavinya alipomaliza kueleza, maziwa yalikuwa yameacha kutoka na Mumbe ameshika titi bila kulivuta.

"Mutunga wangu?" alisema. "Mutunga ambaye hawezi kuinama kuokota kijiko?"

"Anacheza winga."

Jumamosi jioni wanawake wawili walifika uwanjani mapema, wakakaa ukingoni juu ya kreti mbili za soda. Siku hiyo wageni walikuwa wazee wa Mahoo, waliotoka Taveta wakiwa wamevaa jezi za kijani zilizobana matumboni. Kisha wakatokea wenyeji. Kavinya aliwahesabu wakiingia mmoja mmoja: Mutunga, na muuza magunia, na fundi wa redio, na shemasi. Meza nzima ya kona. Wote waliokuwa wakisifu chai na kutazama dari.

"Walijua," alisema taratibu. "Walijua harufu ni ya nini. Wakainywa mwezi mzima."

"Kwa upendo wa kipa," alisema Mumbe.

Timu nzima ilikuwa imesimama, haijui kama iendelee mbele au irudi. Muinde, golini, alikuwa ameinua glavu zake kana kwamba amekamatwa.

"Chezeni!" Kavinya alipiga kelele. "Mnangoja nini, maji?"

Wakacheza. Mahoo walifunga mara mbili kabla ya mapumziko, moja ikipita kati ya miguu ya Muinde kwa mwendo ambao mtoto anayetambaa angeizuia. Kavinya alifunika macho. Kipindi cha pili Mutunga alifunga moja, kwa bahati, kwa mgongo, na Mumbe alirusha kiatu hewani. Dakika za mwisho refa aliwapa Mahoo penalti. Kavinya aliingia uwanjani kumweleza refa makosa yake, akaonyeshwa kadi ya njano, akarudi kwenye kreti akiwa ameridhika. Mzee wa Mahoo aliyepiga alirudi nyuma hatua nyingi, akakimbia, akachoka njiani, akapiga. Muinde aliruka kushoto. Tuseme alianguka kushoto. Mpira ulimgonga kifuani, ukabaki hapo, naye akaukumbatia, amelala chini, ndevu zimejaa vumbi, wala hakukubali kuuachia hata refa alipopuliza kipenga cha mwisho.

Walishindwa mbili kwa moja. Kavinya alishangilia mpaka sauti ikamkauka kabisa. Jumapili nzima hotelini aliwahudumia watu kwa kuonyesha vidole, na wateja walioomba mandazi walipata chai, na walioomba chai walipata chai.